Herufi za Ncha Viringo: Tabia na Matumizi ya Chapa ya VAG Rounded

Chapa iitwayo VAG Rounded ilichorwa mwaka 1979 kwa ajili ya Volkswagen, kampuni ya magari ya Ujerumani. Ni herufi nene isiyo na vijiguu, na kila mstari wake, popote unapokoma, hukoma kwa nusu duara, kana kwamba umeandikwa kwa ncha ya kidole juu ya mchanga. Watu wengi wameiona bila ya kulijua jina lake: juu ya milango ya wauza magari, juu ya vitufe vya kompyuta, na katika majina ya bidhaa zilizotaka kuonekana pole mbele ya mnunuzi. Aghalabu husifiwa kwa upole huo, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini haimtoshi mhakiki wa herufi kusema kwamba herufi inapendeza. Hana budi kuuliza pia inapendeza kwa kutoa nini. VAG Rounded hupendeza kwa kufuta ncha, na nchani ndipo msomaji anapookota dalili nyingi za kupambanulia herufi moja na nyingine. Biashara hiyo ya kutoa na kupokea ina faida katika neno moja lililoandikwa kubwa juu ya ukuta. Katika kurasa za lugha ambayo alama ndogo kama ritifaa hutenga sauti mbili, kama ilivyo katika Kiswahili, ina gharama.

Maneno mawili matatu yafaa yaelezwe kwanza, kwa kuwa ufundi wa chapa haujaandikwa sana kwa Kiswahili. Vijiguu ni vile vimistari vidogo vinavyokaa mwishoni mwa mistari ya herufi, kama nyayo, katika chapa za vitabu na magazeti. Herufi isiyo navyo ni tupu: mstari huanza na kuisha bila ya pambo. Tena kuna herufi za matini, ambazo hutumika kwa kusoma kurasa nyingi, na herufi za maonyesho, ambazo kazi yake ni kuita: kichwa cha habari, jina la duka, kibao cha njiani, jalada. Herufi ya matini hufanya vyema ikisahauliwa na msomaji. Herufi ya maonyesho ikisahauliwa imeshindwa. VAG Rounded ni ya kundi hili la pili, na makosa mengi ya matumizi yake hutokana na kuihamishia katika kundi la kwanza.

Chanzo chake ni haja ya biashara. Katika miaka ya 1960 Volkswagen iliinunua Auto Union kutoka kwa Daimler-Benz, na mwaka 1969 Auto Union ikaunganishwa na NSU kuwa Audi NSU. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wauzaji wa magari hayo wakawekwa chini ya jina moja la V.A.G. Hapo pakatokea shida ambayo kwa mtu wa nje huonekana ndogo. Volkswagen ilikuwa imejulikana kwa chapa ya Futura, ambayo matangazo ya Doyle Dane Bernbach wa New York yaliitumia tangu mwaka 1959. Audi nayo ilikuwa ikitumia Times. Duka moja lililouza magari ya nyumba zote mbili lingeandika kibao chake kwa herufi ipi? Kazi ya kulijibu swali hilo ilifanywa na wasanii wa Sedley Place, na jibu lao ndilo VAG Rounded.

Ni vigumu kufikiri chapa mbili zenye ugomvi mkubwa zaidi ya hizo. Futura ilichorwa na Paul Renner na kutolewa mwaka 1927 na kiwanda cha Bauer cha Frankfurt. Ni herufi ya bikari na rula: o yake hukaribia duara kamili, na A na V zake kubwa hukoma kwa ncha kali kama ya mkuki. Times ilianza kuchapisha gazeti la The Times la London mwaka 1932, chini ya uongozi wa Stanley Morison na kwa mkono wa Victor Lardent. Ina mistari minene na myembamba, ina vijiguu, na imebanwa ili maneno mengi yaingie katika safu. Moja yajidai kuwa haina asili, nyingine yajivunia asili yake. Mtu akijaribu kuzichanganya nusu kwa nusu hupata kiumbe asiye na baba wala mama. Wachoraji wa VAG Rounded waliiepuka njia hiyo. Hawakuchukua vijiguu vya Times, wala hawakuchukua ncha kali za Futura. Walichukua umbo la kawaida la herufi tupu, la aina iliyokuwa ikichapishwa tangu karne ya 19, wakaunenepesha mstari wake, kisha wakaviringa kila mwisho. Ugomvi wa wale wawili ulikuwa katika ncha, na ncha zikaondolewa. Ni suluhu ya mzee wa baraza anayewapatanisha wagomvi kwa kulichukua kiwanja lenyewe.

Herufi tatu za jina hilo nazo ziliisaidia kazi. V na A zina mistari ya mshazari inayokwenda sambamba zikikaa ubavuni, na kwa hiyo hukumbatiana vizuri. G ni duara linalofuata. Nukta za kutenganisha zilikuwa tayari za mviringo, hata zikaonekana kuwa mbegu ambayo herufi zote zimeota kutokana nayo. Huenda neno jingine lisingeionyesha chapa hii kwa uzuri huo. Mhakiki wa chapa yafaa akumbuke jambo hili daima: herufi huchorwa kwa neno fulani, na neno lile huificha aibu ambayo maneno mengine yataifichua.

Ncha ya mviringo haikuanza na VAG Rounded. Kwa muda mrefu ilikuwa alama ya chombo, si ya mtindo. Mwanzoni mwa karne ya 20 kule Marekani waandishi wa vibao vya maduka walipata kalamu za Speedball za William Hugh Gordon na Ross F. George, na moja ya aina zake, yenye herufi B, ilikuwa na ncha ya kisahani cha mviringo: popote fundi alipoiweka karatasini ilianza kwa duara, na popote alipoiinua iliacha duara. Mashine za kuchonga za Gorton, za Racine katika jimbo la Wisconsin, zilikata herufi katika mabamba ya chuma na ya plastiki kwa msumari unaozunguka, na msumari unaozunguka hauwezi kuacha pembe. Taa za neoni ni bomba la kioo lililopindwa, nalo halina ncha kali. Katika Japani herufi nene za ncha viringo zimezoeleka sana katika vibao vya barabarani. Hata choki ya mwalimu, ikishatumika kidogo, huandika hivyo. Katika mifano yote hiyo mwandishi hakuchagua upole. Aliandika kwa chombo alichokuwa nacho, nacho kikaacha alama yake.

Kinyume cha vyombo hivyo ni kalamu ya mwanzi, iliyoandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa katika pwani ya Afrika Mashariki. Kalamu ile hukatwa ncha kwa mshazari, na mstari wake hunenepa na kukonda kwa kufuata mwendo wa mkono; jicho lililolelewa kwa hati hizo husoma unene na wembamba kama sikio lisikiavyo mkazo. VAG Rounded haina mkazo wa namna hiyo. Mstari wake ni wa unene karibu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Jambo la kuchekesha ni kwamba jina lake la Kijerumani, Rundschrift, lilikuwa tayari na mwenyewe: Friedrich Soennecken wa Bonn alilieneza katika miaka ya 1870 kwa mwandiko wa mkono ulioandikwa kwa kalamu ya ncha pana, mwandiko wenye unene na wembamba uliokolea. Neno lile lile likaja kuitwa herufi ambayo imeyaacha hayo yote. Wanaisimu wanaofuatilia uhamaji wa maana watapata hapa mfano mdogo mzuri.

Tofauti, basi, kati ya VAG Rounded na wazee wake ni kwamba kwake mviringo haukulazimishwa na chombo. Ulichorwa kwa makusudi, na ulinuiwa ueleweke kwa namna fulani. Kutoka hapo herufi hii ni usemi, nayo yaweza kuhojiwa kama usemi mwingine wowote. Miaka michache kabla yake, mwaka 1970, kampuni ya Letraset ya Uingereza ilikuwa imetoa chapa iitwayo Frankfurter, na jina lake, la soseji, lasema wazi kwamba mchoraji alitaka watu wacheke. VAG Rounded haichekeshi. Hutabasamu tu, na tabasamu hilo ni la muuzaji.

Kwa nini jicho huona upole katika mviringo? Wanasaikolojia wameligusa jambo hili kwa njia inayowahusu wanaisimu pia. Wolfgang Köhler, katika kitabu chake cha mwaka 1929, alionyesha maumbo mawili, moja la pembe kali na moja la mviringo, akataka wasomaji wachague lipi laitwa takete na lipi laitwa baluma. Wengi hawasiti kulipa umbo kali jina la takete. Mwaka 1961 R. Davis alichapisha katika jarida la saikolojia la Uingereza uchunguzi alioufanya kwa watoto wa Tanganyika waishio kando ya ziwa na watoto wa Uingereza, kwa majina ya takete na uloomu, na kwa jumla watoto wa pande zote mbili waliyagawa majina kwa mwelekeo mmoja. Hapana budi kukubali, basi, kwamba mviringo wa herufi husema jambo ambalo halihitaji kufundishwa katika kila nchi. Kiswahili chenyewe hakikosi ushahidi wa kuufuata mwelekeo huo: boga, bonge, bumba na donge huujaza mdomo, chonge, kichocho na kikwaju huchoma au huchachuka. Ushahidi huu usitiwe chumvi, maana bomba ni la duara na mbu, mwenye sindano, ana jina la kumungunya.

Lakini umbo kusema “laini” ni jambo moja, na mwenye umbo kuwa mpole ni jambo jingine. Hapa ndipo sifa zinazotolewa kwa chapa za namna hii zinapopaswa kupunguzwa. Imezoeleka kusikia kwamba herufi za ncha viringo ni “za kirafiki”. Rafiki ni mtu. Herufi ni vazi ambalo kila aliye na haja ya kuaminiwa aweza kulivaa, na wale wenye haja kubwa zaidi ya kuaminiwa ndio wanaolikimbilia kwanza: wauza magari, wakopeshaji fedha, wanaotaka mtu atie sahihi bila ya kusoma masharti. Tendo la Volkswagen mwaka 1979 lilikuwa na sababu ya wazi, na kosa haliko kwake. Waigaji waliofuata walilichukua vazi bila ya sababu.

Ufundi wake, hata hivyo, si wa kubezwa. Mtu asiyezoea kazi hii hudhani kwamba herufi ya ncha viringo hupatikana kwa kuichukua herufi ya kawaida na kuikata pembe. Akifanya hivyo atapata herufi fupi na dhaifu. Mstari uliopotezwa pembe huonekana mfupi kuliko ulivyo, kwa kuwa jicho hupima urefu kwa pale penye unene kamili, na nusu duara huanza kupungua kabla ya kufika mwisho. Kwa sababu hiyo mchoraji hana budi kurefusha mistari kidogo, kupanua nafasi baina ya herufi, na kuangalia sana viungo, yaani mahali mistari miwili inapokutana, ili weusi usijikusanye pale kama wino uliomwagika. Katika VAG Rounded mambo hayo yametendwa kwa mkono wa mtu ajuaye. Weusi wake umetandazwa sawa, na neno lililoandikwa kubwa husimama kama kitu kimoja.

Iko pia faida ambayo wahakiki hawaitaji mara nyingi. Karatasi mbaya na wino mwepesi huviringa kila herufi, iwe ilichorwa kali au isiwe. Wino hutambaa na pembe hujaa. Herufi ambayo tayari ni ya mviringo haina cha kupoteza. Mwaka 1978 Matthew Carter alitoa Bell Centennial, chapa ya vitabu vya namba za simu vya Marekani, na dawa yake kwa tatizo hilo hilo ilikuwa kinyume kabisa: alichonga mapengo katika viungo vya herufi ili wino ukitambaa upate mahali pa kuingia, na herufi iliyochapwa itoke kali. Carter alipigana na wino ili ayaokoe mapambanuzi ya tarakimu na herufi ndogo mno. VAG Rounded ilifanya amani na wino. Kila mmoja alikuwa sahihi katika kazi yake: kitabu cha simu husomwa kwa herufi ndogo na tarakimu moja ikikosewa anajibu mtu mwingine, jina la duka husomwa kwa hatua hamsini na hakuna wa kulikosea.

Mwaka 1989 kampuni ya Adobe iliitoa VAG Rounded kwa ajili ya kompyuta, katika unene wa daraja kadhaa, na tangu hapo ikawa mali ya kila mwenye mashine. Matumizi yaliyoifaa kuliko yote baada ya yale ya kwanza yalikuwa juu ya vitufe vya kompyuta za Apple, ambako toleo lake jembamba lilitumika kwa miaka mingi hadi lilipoanza kuondolewa mwaka 2015. Sababu ya kufaa yaonekana. Kitufe hubeba herufi moja, hutazamwa kwa mara moja, na kiko chini ya kidole ambacho nacho kina ncha ya mviringo. Hapo herufi haihitaji kupambanuliwa na jirani zake, kwa sababu mahali pake papambanua. Ni neno fupi kupita yote, na chapa hii hupenda maneno mafupi.

Ikilazimishwa kubeba aya nzima, hali hugeuka. Chapa za vitabu zina vijiguu vinavyotengeneza chini ya kila mstari wa maneno reli ambayo jicho hupita juu yake. Herufi tupu haina vijiguu, lakini angalau nyayo zake ni bapa na reli yaendelea kuonekana. Katika ncha viringo reli huvunjika kuwa nukta nukta. Kila herufi hugusa ardhi mahali padogo, kama mpira, na jicho huchoka kutafuta mstari ulipo. Unene huongeza taabu, kwa kuwa matundu ya a na e hubanwa. Haya ni kweli kwa lugha zote. Kiswahili, hata hivyo, huijaribu chapa hii kwa mitihani yake yenyewe.

Mtihani wa kwanza ni viungo. Kiswahili hutumia k na w kwa wingi usiojulikana katika Kiingereza au Kijerumani: ku- ya kitenzi, ki- ya ngeli, -ka- ya masimulizi, wa- ya watu, -w- ya kutendwa. Neno kama wakawekwa lina w tatu na k mbili, na kila moja ni mkutano wa mistari ya mshazari. Katika herufi nyembamba hayo hupita. Katika herufi nene ya mstari mmoja, kila kiungo ni doa, na neno zima huonekana kama ukuta uliopigwa madoa ya chokaa. Mchoraji aliyeijaribu chapa yake kwa maneno ya Kijerumani hakuliona doa hilo, kwa kuwa maneno yake hayakumwonyesha.

Mtihani wa pili ni irabu. Katika chapa nyingi a ndogo ina orofa mbili, yaani tumbo chini na kipaa juu. Hivyo ndivyo ilivyo katika Arial Rounded, ndugu wa mbali wa VAG Rounded. Lakini katika ukoo huu wa ncha viringo ziko chapa, kama Comfortaa, ambazo a yake ni duara lenye mstari ubavuni tu. Kwa jicho la haraka hutengana na o kwa mstari huo peke yake. Katika Kiswahili silabi zote za kawaida huishia kwa irabu, na irabu ya mwisho ina kazi ya sarufi: soma ni tendo na somo ni jina, penda na pendo, tenda na tendo, pata na pato. Herufi inayozikaribisha a na o haiipunguzii lugha hii urembo. Yaiondolea kiungo cha sarufi. Mwalimu wa darasa la kwanza anayechagua kitabu cha kusomea kwa kuwa herufi zake “zinawapendeza watoto” yafaa alitazame jambo hili kabla ya picha.

Mtihani wa tatu ni ule wa vijiti. Herufi l, i na I kubwa, zikiondolewa vijiguu, huwa kijiti, kijiti chenye nukta, na kijiti. Zikiviringwa ncha huwa vidonge. Jina la Ilala, katika mji wa Dar es Salaam, huanza kwa vidonge viwili vinavyofuatana, na mgeni aweza kusoma herufi l mbili pasipo na irabu. Maneno kama alililia au walilala huwa safu ya nguzo za ua. Times, ambayo VAG Rounded iliizika, ilikuwa na dawa ya hayo katika vijiguu vyake, na Futura, ambayo nayo ilizikwa, haikuwa nayo. Kwa hiyo katika suluhu ile ya mwaka 1979 hasara haikugawanywa sawa: kwa upande wa usomekaji, Times ilitoa zaidi.

Umebaki mtihani ulio mgumu kuliko yote, nao ni ritifaa. Tahajia ya Kiswahili sanifu, iliyosimamiwa na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki tangu mwaka 1930, hukiandika king'ong'o cha kaakaa laini kwa n, g na ritifaa: ng'. Bila ya ritifaa ni sauti nyingine, ambayo g husikika ndani yake. Jozi inayotajwa mara nyingi ni ngoa na ng'oa: la kwanza ni tamaa au wivu, la pili ni kutoa kitu na mizizi yake. Sehemu ya mji wa Unguja iitwayo Ng'ambo imeandikwa mara nyingi na wageni kuwa Ngambo, hata wengine wakaitamka hivyo. Basi sauti nzima ya lugha imekabidhiwa alama ambayo, kwa ukubwa, ni ndogo kuliko tumbo la g.

Katika Times ritifaa ina kichwa na mkia. Huonekana kuwa kitu. Katika herufi nene ya ncha viringo mkia hauna mahali pa kukaa. Jambo hili ni la hesabu kabla ya kuwa la ladha: mstari wa ncha viringo ambao urefu wake umekaribia unene wake huwa nukta. Mchoraji akifuata kanuni yake bila ya kufikiri, ritifaa yake hufanana na nukta ya i iliyopotea njia, au huwa kidonge kifupi kinachoelea juu ya g. Tena, kwa kuwa chapa hizi huhitaji nafasi pana baina ya herufi, alama hiyo huchimba shimo katikati ya neno. Ng'ang'ania, lenye ritifaa mbili, hukatika vipande vitatu. Mwandika vibao akiona hivyo hufanya uamuzi wa macho: huitoa ritifaa ili neno likae vizuri. Anatengeneza sura na kuharibu tahajia, wala hapana anayemkemea, kwa sababu kibao kimependeza.

Mwanaisimu aweza kujibu kwamba jozi za namna ya ngoa na ng'oa ni chache, na kwamba muktadha humtosha msomaji. Jibu hilo ni sahihi kwa msomaji aliyekwisha kukijua Kiswahili. Mtoto anayejifunza kusoma, na mgeni anayejifunza kusema, hutumia maandishi kuipata lugha; hawana muktadha wa kuazima. Hali kadhalika lugha inayosomwa zaidi katika vibao, katika matangazo na katika vioo vya simu kuliko katika vitabu itapokea tahajia ya vibao, na tahajia ya vibao huamuliwa na herufi za maonyesho.

Waganda walipita njia nyingine. Tahajia ya Luganda ina herufi maalumu kwa sauti hii, ŋ, ambayo ni n yenye mkia, nayo huchoreka kwa ncha viringo bila ya taabu, kwa sababu mkia wake ni mrefu na unashuka mahali palipo na nafasi. Adha yao ni kwamba mashine nyingi hazina kitufe chake, na waandishi wengi hurudi katika ng'. Kwa Kiswahili hapana haja ya kubadili tahajia ili kuwaridhisha wachora herufi. Haja ni kwamba mchora herufi anayetaka chapa yake iandike Kiswahili aitazame ritifaa kama konsonanti, maana inafanya kazi ya konsonanti, na asiichukue katika kapu la alama za nukuu. Aichore ndefu kuliko kanuni yake inavyomruhusu, kichwa kinene na mkia uliokonda na kupinda kushoto, aishushe kidogo chini ya kilele cha l, na aisogeze karibu na g mpaka shimo lizibe. Na l yenyewe aipe mkunjo mdogo chini, upande wa kulia, ili Ilala isomeke. Mkunjo huo, na mkia ule, vyaweza vyote viwili kukoma kwa nusu duara.